Cheka nao, usidaiwe nao

Askari polisi wakongwe na askari wapya wana ubishi wao usioisha. Mmoja anasema raia ukimchekea atakupanda kichwani. Mwingine anasema raia asiyekupenda hakupi taarifa, na bila taarifa hakuna upelelezi. Wote wana mifano ya kutosha mfukoni, ndiyo maana ubishi haufi.

Sisi tunaona wanabishania kitu ambacho si chenyewe. Kicheko hakimwondolei askari mamlaka. Kinachomwondolea ni deni. Na deni lina sura mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: sahani ya chipsi isiyolipiwa, bodaboda ya bure, vocha, "hela ya maji". Aliyekupa hajakupa, amekukopesha, na siku akikamatwa mdogo wake atakuja kudai. Ya pili haizungumzwi sana, nayo ni deni la askari mkali: tishio asiloweza kulitimiza. "Nitakuweka ndani wiki nzima." Mtaa unajua kwamba sheria haikuruhusu, unasubiri uone utafanya nini, na ukikaa kimya unaandikwa daftarini kama mdaiwa mwingine yeyote. Mshikaji na mkali hupoteza mamlaka kwa njia moja.

Kwa hiyo kanuni ya kazi ni rahisi kuitamka: kuwa mkarimu wa salamu, muda, maelezo na masikio, kuwa bahili wa uamuzi, ahadi na vitisho. Ugumu uko kwenye utekelezaji, na huo unategemea mahali ulipo. Tunayoyaandika hapa yanahusu zaidi Tanzania Bara, kwa sheria zake na mitaa yake.

Barabarani

Ndiko raia wengi wanakokutana na polisi, na wengine hawakutani naye kwingine kabisa. Sekunde 15 za mwanzo zinaamua zilizobaki. Mpangilio unaofanya kazi ni salamu, jina na kikosi, sababu ya kumsimamisha, ndipo nyaraka. "Habari za mchana. Naitwa Koplo fulani, usalama barabarani. Nimekusimamisha kwa sababu umeovateki penye mstari usiokatika, pale kwenye kona. Naomba leseni."

Walio wengi huugeuza. Wanaanza na "leta leseni", kisha wanazunguka gari kimya wakitafuta kosa. Au wanauliza, "Unajua kosa lako?" Swali hilo ni baya kuliko linavyoonekana. Dereva analazimika kubahatisha: akitaja kosa ambalo hukuliona, amejiongezea, akikataa, ameshaingia kwenye mabishano, na akili yake yote inahama kutoka kwenye alichofanya kwenda kwenye bei ya kutoka hapo. Kama umeliona kosa, litaje. Kama hukuliona na unakagua tu, sema unakagua.

Mahali pa kusimama napo ni sehemu ya mazungumzo. Magari yetu yana usukani kulia, na gari likiegeshwa kushoto, dirisha la dereva linatazama magari yanayopita. Kwenye barabara ya kasi nenda upande wa abiria, simama nyuma kidogo ya nguzo ya mlango wa mbele, uongee kupitia dirisha hilo. Unaiona mikono ya dereva, hulazimiki kugeuka kila lori linapopita, na sauti yako haitapanda. Askari anayepiga kelele mara nyingi hana hasira; anashindana na fuso.

Halafu uamuzi. Amua kabla hujafungua mdomo kama hili ni la onyo au la faini, isipokuwa kuna jambo jipya litakalojitokeza kwenye nyaraka au kwenye gari. Ukimwacha dereva akuone unaamua huku anaongea, umemwambia kwamba uamuzi unanunulika, kwa maneno au kwa noti. Kama ni faini, itaje ndani ya dakika ya kwanza: shilingi 30,000 kwa kosa moja kwa dereva wa gari, inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali na si mkononi, na asiyekubali kosa ana haki ya kulipeleka mahakamani. Mweleze mara moja kwa utulivu. Akiuliza tena, rudia maneno yaleyale. Ukibadilisha maneno anadhani umebadilisha msimamo.

Kama ni onyo, mrudishie leseni kwanza, ndipo umshauri. Hili ni dogo lakini linatenganisha askari anayeheshimiwa na anayesengenywa. Dereva ambaye leseni yake bado iko mkononi mwako hasikii ushauri. Anasikia bei ya kuanzia. Akishaipokea, maneno yako yanakuwa yale yale uliyoyakusudia. Vivyo hivyo kuchomoa funguo ya pikipiki. Kijana wa bodaboda aliyechomolewa funguo hadharani, mbele ya abiria wake, hatakupa taarifa yoyote mwaka mzima, hata ya jambazi aliyempandisha jana.

Jambo moja zaidi la barabarani: viwango vya heshima. Askari yuleyule anamwita mwenye gari kubwa "mkuu" au "bosi", na dakika mbili baadaye anamwita dereva wa bajaji "wewe!". Walio kando ya barabara wanayasikia yote mawili. Chagua namna moja ya kuita watu, kaka, dada, mama, mzee, dereva, ukae nayo.

Mtu akigoma

Mtu anapokataa agizo halali, kuna ngazi tano, na kosa la kawaida ni kuruka kutoka ya kwanza hadi ya tano. Omba. Eleza sababu. Mpe chaguo mbili, zote za kweli, ukianza na iliyo nzuri kwake. Thibitisha kwa swali moja la mwisho. Tenda.

Kwa maneno: "Kaka, naomba ushuke kwenye gari." Akikataa: "Nakuomba ushuke kwa sababu nataka kukagua chini ya kiti, nimepewa taarifa kuhusu gari hili." Akikataa tena: "Una njia mbili. Ukishuka sasa tunamaliza hapahapa dakika tano na unaendelea na safari. Usiposhuka nitakushusha, tutakwenda kituoni, na gari litabaki huko." Kisha: "Kuna neno lolote ninaloweza kukuambia ukashuka mwenyewe?" Wengi hushuka kwenye swali hilo, kwa kuwa linawapa njia ya kutii bila kuonekana wameshindwa. Asiposhuka, tenda papo hapo. Ukishauliza swali la mwisho usiulize la pili, kwa sababu la pili linafuta la kwanza na yote yaliyotangulia.

Tahadhari: ngazi ya tatu inavunjika ukitaja adhabu usiyo na uwezo nayo. "Utalala ndani hadi Jumatatu" si chaguo halali kwa mtu ambaye kosa lake lina dhamana. Taja tu lile ambalo sheria inakuruhusu, na ambalo uko tayari kulifanya leo, mvua ikinyesha na gari la kituo likiwa halina mafuta. Na kama kuna silaha au mtu anapigwa, ngazi hizi hazipo. Unaanza na ya tano.

Shikamoo, uko chini ya ulinzi

Askari wa miaka 24 anatumwa kumkamata mzee wa miaka 60. Amsalimie shikamoo? Ndiyo, bila kusita. Wako wanaoona salamu hiyo inawapunguza wakiwa ndani ya sare. Mtaa unaona kinyume: kijana aliyeacha kumwamkia mzee amevua malezi, na amri ya mtu asiye na malezi inapokelewa kama uhuni. Marahaba ya mzee haifuti hati ya kukamata.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inasaidia kuliko askari wengi wanavyodhani. Kumkamata mtu ni kumgusa au kumzuia mwili wake, isipokuwa amejisalimisha mwenyewe kwa neno au kitendo. Maana yake ukisema, "Mzee, uko chini ya ulinzi kwa tuhuma ya wizi wa mifugo, twende kituoni", naye akainuka akatembea, ukamataji umekamilika. Hahitaji kukunjwa shati ndipo ahesabike amekamatwa. Sheria hiyo inataka pia umwambie sababu, na inakataza nguvu zaidi ya inayohitajika.

Utaratibu nyumbani ni huu. Askari wawili angalau: mmoja anaongea, mwingine anaangalia mikono, milango na waliomo ndani. Anayeongea ni mmoja tu, hata mwenzake akiwa na cheo kikubwa, kwa sababu mtuhumiwa akisikia amri mbili atachagua ile laini. Mwite pembeni, hatua tatu au nne kutoka kwa watoto. Mwambie sababu. Mruhusu avae shati na viatu, lakini askari wa pili aende naye chumbani; usimwache aingie peke yake kwa ajili ya heshima, hapo ndipo panga linapotoka. Mwambie mkewe au mtoto mkubwa jina la kituo anakopelekwa na nani wa kumuulizia. Sentensi hiyo moja inakuondolea ndugu kumi na watano wanaozunguka vituo vitatu usiku wakiamini ndugu yao ametekwa.

Pingu zifungwe kwa hatari, si kwa hasira. Ukiamua kufunga, funga nyuma, acha nafasi ya ncha ya kidole kimoja kati ya chuma na mfupa, kisha tumia kifungio cha pili. Wengi huisahau hatua hiyo, na pingu huendelea kukaza kila mtu anapojisogeza. Anapiga kelele, askari anadhani ni fujo, anamkandamiza zaidi. Aliyepigana akalala kifudifudi mkononi mwenu mwinueni akae au mlazeni ubavu mara tu anapodhibitiwa. Kumkalia mgongoni kunazuia pumzi, hata kama bado anaongea.

Na kwenye upekuzi, ukaribu una karatasi yake. Shuhuda huru, kwa kawaida mwenyekiti wa mtaa au jirani, awepo kabla mlango wa chumba haujafunguliwa, na mwenye nyumba aonyeshwe kwamba askari wenyewe hawakuingia na kitu. Kila kilichochukuliwa kiandikwe na risiti itolewe, wenye nyumba na shahidi wasaini. Neno "kubambikia" linaogopwa nchini kuliko neno "kukamata", nalo halijibiwi kwa tabasamu. Linajibiwa kwa mifuko ya askari iliyogeuzwa nje mbele ya watu.

"Mwizi!"

Umati una kanuni yake. Wananchi wenye hasira kali hawasikii hotuba kuhusu utawala wa sheria, na kila dakika mtuhumiwa anapobaki chini ni dakika ya jiwe jingine. Mmoja wenu aende moja kwa moja kwa mtuhumiwa, amfunike kwa mwili na kumpeleka kwenye gari. Mwingine aongee na watu, na asiwaambie "tawanyikeni". Awape kazi: "Huyu yuko chini ya ulinzi. Nani ameibiwa? Nani amemwona kwa macho? Nahitaji watu wawili waje kuandika maelezo." Aliyekuwa na tofali anaanza kuangalia pembeni, kwa sababu sasa anaombwa jina. Aliyeibiwa anasogea mbele, maana kilio chake kimepata mahali pa kwenda. Tafuta mtu mzima aliye kimya, usibishane na anayepiga kelele zaidi, kwa kuwa umati unamtazama yule wa kwanza kuliko unavyomsikiliza wa pili.

Kata

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo inapoharibika taratibu bila mtu kuona. Falsafa ya polisi jamii ilisukumwa sana kwenye maboresho ya Jeshi la Polisi chini ya IGP (Mkuu wa Jeshi la Polisi) Said Mwema, aliyeongoza kuanzia 2006 hadi 2013, pamoja na kauli ya utii wa sheria bila shuruti. Polisi kata ndiye anayetakiwa kuibeba kauli hiyo akiwa peke yake, mara nyingi akiwa na ofisi ya kuazima kwa mtendaji.

Wiki ya kwanza ni ya kujitambulisha, na mpangilio wake una uzito. Anza na mtendaji wa kata, kisha wenyeviti wa mitaa, kisha walimu wakuu, zahanati, msikiti na kanisa, ndipo vijiwe vya bodaboda, mama lishe, mafundi, wauza genge. Wenye baa na wenye maduka makubwa wafuate baadaye, na uwatembelee mchana. Watu wanahesabu ulianzia wapi.

Kuna mtego mmoja ambao askari aliyetoka chuoni hauoni. Mjumbe wa nyumba kumi anajua kila mpangaji aliyehamia jana, kwa hiyo ni rahisi kumfanya awe macho yako. Lakini tangu mfumo wa vyama vingi urudi mwaka 1992, mjumbe huyo ni kiongozi wa shina la chama, si mtumishi wa serikali. Mwenyekiti wa mtaa naye amechaguliwa kwa tiketi ya chama. Watumie, ni watu muhimu. Ila polisi kata ambaye anaonekana kwao tu ameshapoteza nusu ya mtaa kabla ya uchaguzi, na uchaguzi ukifika atapoteza usingizi. Kwa kila ziara kwa kiongozi, weka ziara moja kwa mtu asiye na cheo. (Majirani zetu wa Kenya walipoanzisha Nyumba Kumi mwaka 2013 walitazama mfano wa huku, na swali la nani hasa anamwakilisha nani liliwafuata nao.)

Lipa chai yako. Lipa kila siku, na lipa ukionekana. Mama lishe akikataa hela, mwambie hutarudi asipopokea, na utimize. Usile kwa mkopo hata kwa siku mbili, maana kukopa ni deni kwa tafsiri ya kila mtu. Usikae kijiwe kimoja. Panga mzunguko wa vijiwe vinne au vitano, dakika kumi na tano hadi ishirini kila kimoja, kwa saa zinazobadilika. Ukigandia kimoja, vingine vinaamini una rafiki huko, na hicho kimoja kinaanza kutisha vingine kwa jina lako: "Afande ni mtu wetu." Siku utakayosikia sentensi hiyo, hama kijiwe kwa mwezi, na kosa la kwanza litakalotokea pale lishughulikie kwa kanuni ileile ya mahali pengine, waziwazi.

Kesi za madai ni shimo. Mtu amekopesha laki tatu, hajalipwa, anakuja kwako kwa kuwa anakufahamu: "Mwite tu umtishe kidogo." Mkopo usiolipwa ni wa mahakama, si wa polisi, isipokuwa kuna udanganyifu tangu mwanzo. Ukimwita mdaiwa ukamtisha, akalipa, umefungua duka la kukusanya madeni, na wateja watapanga foleni. Ukimtisha asilipe, umeonyesha kwamba vitisho vyako havina kitu ndani. Hakuna namna ya kushinda. Jibu la kirafiki ni kumwelekeza mahakama ya mwanzo na kumweleza aanze na karatasi gani, ambalo ni msaada wa kweli.

"Tumalizane nyumbani" ni ombi jingine la kila wiki. Sheria inaipa mahakama nafasi ya kuhimiza usuluhishi kwenye makosa madogo ya kibinafsi kama shambulio la kawaida. Haiipi familia nafasi ya kukaa na mbuzi mmoja juu ya ubakaji wa mtoto. Hapo ukaribu wako utajaribiwa hasa, kwa sababu watakaokuja kuomba ni wazee uliokunywa nao kahawa, na wataomba kwa upole. Sema mapema, kwenye mikutano ya mtaa kabla tukio lolote halijatokea, kwamba makosa ya kingono na ya kujeruhi hayamalizwi na wewe wala na wao, yanakwenda dawati la jinsia na watoto. Siku yakitokea unarudia tu ulichokwisha kusema, na mzee hana haja ya kuona umemkataa yeye.

Watoa taarifa nao. Usimsimamishe barabarani mtu aliyekupa taarifa ili umshukuru, umemuuza. Usimpigie simu usiku, wala usihifadhi jina lake halisi kwenye simu yako. Usimwambie matokeo kabla ya wengine. Na usimlipe kwa kumwachia kosa lake, maana huyo si mtoa taarifa tena, ni mhalifu mwenye leseni, na mtaa utalijua hilo ndani ya mwezi mmoja.

Kaunta

Tutapita haraka, ingawa hapa ndipo jeshi linapopoteza watu wengi zaidi kwa sababu ndogo kabisa. Aliyejeruhiwa apewe PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) kwanza aende hospitali, maelezo marefu yafuate. Mlalamikaji yeyote aondoke na vitu vitatu: namba ya RB (ya kitabu cha taarifa cha kituo), jina la mpelelezi, na siku ambayo atapigiwa au arudi. "Njoo kesho" bila jina ni kufukuza kwa adabu. Na dhamana ya polisi haina malipo. Askari wa kaunta aseme mwenyewe kabla ndugu hawajauliza. Wakishauliza "ni shilingi ngapi?", heshima ya kituo kizima imeshashuka, hata kama jibu ni sifuri.

Chumba cha mahojiano

Kuna askari wanaoamini ukali ndio unaotoa maelezo, na wengine wanaoamini urafiki. Sheria imeweka mtego kwa wote. Kwa Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, ungamo mbele ya polisi linapokelewa likitolewa kwa hiari, na halihesabiki kuwa la hiari likitokana na tishio au ahadi. Wengi wanakumbuka tishio na kusahau ahadi. "Mimi ni kama kaka yako, nisaidie nikusaidie" inasikika kama ukaribu. Mbele ya wakili mzuri, kwenye kesi ndani ya kesi (pale mahakama inapopima kwanza kama ungamo ni la hiari), ni ahadi, na maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa aliyoandikisha baada ya kuonywa kwamba si lazima aseme, yanaweza kutupwa.

Saa nazo zinahesabiwa. Muda wa msingi wa kumhoji aliye chini ya ulinzi ni saa 4, unaweza kuongezwa kwa saa zisizozidi 8 kwa utaratibu, na mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo. Muda wa kumsafirisha kwenda kituoni kwa ajili ya upelelezi hauingii kwenye zile 4, lakini soga unazopiga naye "ili azoee" zinaingia. Kwa hiyo ukaribu wa chumbani lazima uwe mfupi: maji ya kunywa, choo, kiti kama chako, kumwuliza kama amekula na kama anaumwa. Dakika kumi zinatosha. Mweleze tuhuma, onyo, na haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki, kwa lugha anayoielewa. Kama Kiswahili chake ni cha kuungaunga, mkalimani.

Kisha mwache asimulie kutoka mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza. Hapa askari wengi hushindwa kufika dakika ya pili. Mtu anayekatizwa hujifunza urefu wa jibu unalotaka, naye atakupa huo. Akimaliza, rudi mada moja moja kwa maswali ya wazi: "Nieleze zaidi pale ulipofika stendi." Ushahidi ulio nao, rekodi ya simu au picha, uonyeshe mwishoni, baada ya yeye kujifunga kwenye maelezo yake. Ukiutoa mwanzoni anaujengea hadithi. Uingereza ilibadilisha mafunzo yake kuelekea namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya hukumu mashuhuri kufutwa, ikiwamo ya watu sita wa Birmingham walioachiwa mwaka 1991 baada ya miaka 16 gerezani, huku maungamo yaliyotolewa kwa kipigo yakiwa sehemu ya kesi dhidi yao. Msomee alichosema, arekebishe, asaini kila ukurasa.

Ndani ya kituo

Mwaka 2009 na 2010, huko Queensland nchini Australia, mtafiti Lorraine Mazerolle na wenzake walipima kama maneno ya askari yanabadilisha raia anavyomwona, kwenye vizuizi 60 vya kupima ulevi. Nusu ya vizuizi askari walitumia maneno yao ya siku zote. Nusu nyingine walifuata maelezo mapya: kueleza kwa nini dereva amesimamishwa bila kuteuliwa, kumwuliza maoni, kumshukuru. Mazungumzo yalirefuka kutoka chini ya nusu dakika hadi kama dakika moja na nusu. Madereva wa kundi la pili waliwaona askari kuwa wa haki zaidi, na kipimo cha ulevi kilibaki kilekile.

Uskoti wakalirudia jaribio hilo mwishoni mwa 2013. Matokeo yakaenda upande wa pili: imani ya madereva haikupanda, mahali fulani ikashuka. Watafiti waliporudi kuwauliza askari, wakakuta watu waliovurugwa. Vikosi vinane vya mikoa vilikuwa vimeunganishwa kuwa kimoja Aprili mwaka huo, maelezo ya jaribio yalishuka kwao kama amri nyingine isiyofafanuliwa, na walihisi wenyewe hawatendewi haki. Wakayasoma maneno mazuri kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa.

OCS (mkuu wa kituo) anayetaka askari wake waeleze sababu kwa raia aanze kwa kuwaeleza sababu wao, kwenye paredi ya asubuhi. Asimkaripie koplo mbele ya mlalamikaji. Kila wiki achukue RB kumi bila kuchagua na awapigie wenyewe waliozifungua, maswali matatu: ulielezwa nini kitafuata, umepigiwa tena, kuna mtu alikuomba hela? Dakika tano kila simu, saa moja hivi kwa wiki. Atajua mengi kuliko anayoletewa kwenye taarifa ya mwezi.

Na polisi kata anapohamishwa, laini ya simu ya kata ibaki kata, isiondoke naye. Daftari la mawasiliano libaki ofisini, isipokuwa majina ya watoa taarifa, ambayo yanakabidhiwa kwa mdomo kwa mkuu wa kituo na kwa ridhaa yao wenyewe, mmoja mmoja. Anayeondoka na anayekuja wazunguke pamoja siku mbili au tatu, kwa mpangilio uleule wa wiki ya kwanza: mtendaji, wenyeviti, shule, zahanati, nyumba za ibada, vijiwe. Na kama kuna mahali mtangulizi alikuwa anakunywa chai bila kulipa, mgeni aambiwe ni wapi kabla hajaketi.